Kituo cha kupima hewa ya ukaa: mbona sensa ya bei nafuu haiingii kwenye hesabu ya dunia?

#1 NgalawaYaNamba

Wakuu, habari za jioni.

Taarifa ya gesi joto ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) iliyotoka 2025 inatoa wastani wa dunia wa mwaka 2024: hewa ya ukaa (CO2) 423.9 ppm (molekuli kwa kila milioni za hewa), methani 1942 ppb (kwa kila bilioni), naitrasi oksaidi 338.0 ppb. Hewa ya ukaa peke yake ilipanda 3.5 ppm kutoka 2023, na haijawahi kupanda hivyo ndani ya mwaka mmoja tangu vipimo vya kisasa vianze 1957.

Swali langu ni la kifundi. Sensa za NDIR (vihisi vidogo vinavyopima gesi kwa mwanga wa infraredi) siku hizi zinauzwa kama njugu. Ukifunga mia moja kwenye minara ya simu kuanzia Tanga mpaka Mtwara, si tayari una mtandao? Kwa nini namba za namna hiyo hazipokelewi, halafu Afrika nzima tunategemea vituo vya kuhesabu kwa vidole kama kile cha Mlima Kenya? Naomba majibu yenye vipimo. Siasa za tabianchi zina nyuzi zake.

#2 MtungiMkavu

Mkuu, anza na ukubwa wa kitu unachokitafuta. Dunia nzima inapanda kama 2 hadi 3.5 ppm kwa mwaka. Tofauti kati ya hewa inayoingia nchini na ile inayotoka, ambayo ndiyo inakuambia msitu unameza kiasi gani na jiji linatema kiasi gani, mara nyingi ni sehemu ya ppm moja. Ndiyo maana mtandao wa WMO wa kuangalia angahewa (GAW) unataka vituo viwili vikipima hewa ileile visipishane zaidi ya 0.1 ppm kaskazini mwa ikweta na 0.05 ppm kusini. Methani ni 2 ppb.

Sensa unayoisema ina kosa la 30 hadi 50 ppm ikitoka kwenye boksi. Na kuna balaa jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: nyingi zinajirekebisha zenyewe. Programu yake inatafuta kipimo cha chini kabisa cha wiki moja hivi, inakiita 400 ppm, halafu inasogeza kila kitu kifuate hapo. Hewa safi ya leo imeshapita 420. Yaani kifaa kinafuta kwa mkono wake mwenyewe kile ulichokinunulia. Kama lazima uzitumie, kazi ya kwanza ni kuzima hiyo huduma.

Kinachokipa kituo heshima ni mitungi ya hewa iliyokwisha kupimwa, ambayo kifaa kinalinganishwa nayo. Maabara ya NOAA (idara ya Marekani ya bahari na angahewa) pale Boulder, Colorado, ndiyo inayoshika kipimio cha dunia, yaani rejea ya vituo vyote. Wanajaza hewa halisi iliyokaushwa, wanaivuta mlimani Niwot Ridge, kwenye mitungi ya alumini. Mitungi ya msingi hupimwa kwa manometa: hewa ya ukaa inagandishwa kwa naitrojeni ya maji, inatenganishwa na hewa nyingine, kisha ujazo, joto na shinikizo vinapimwa. Hapo hakuna kulinganisha na gesi nyingine, ni fizikia tupu. Kutoka hapo namba inarithishwa: mtungi wa msingi kwa wa pili, wa pili kwa ule utakaosafirishwa mpaka kituoni kwako. Kipimio cha sasa kinaitwa X2019. Kilipochukua nafasi ya X2007, namba zilizo karibu na 400 zilipanda takriban 0.18 ppm, kwa hiyo ukichanganya data za zamani na mpya bila kuangalia kipimio, umeshajitengenezea ongezeko la uongo.

#3 Mwanafunzi_Mbezi

Asante mkuu. Lakini mitungi ya gesi mchanganyiko inauzwa hapa hapa kwa wenye viwanda, na inakuja na cheti. Haitoshi?

#4 MtungiMkavu

Haitoshi, kwa sababu tatu.

Moja, soma cheti chenyewe. Utakuta 1% au 2%. Asilimia 1 ya 420 ni 4.2 ppm, mwaka mzima wa ongezeko na zaidi.

Mbili, mingi ni naitrojeni iliyotiwa hewa ya ukaa, bila oksijeni wala agoni. Kichanganuzi cha leza, yaani kifaa cha kupimia gesi kituoni, kinasoma umbo la mstari wa mwanga unaomezwa na gesi, na umbo hilo hutanuka tofauti molekuli za jirani zikibadilika. Ukikilisha hewa ya kutengeneza kinakupa jibu lililopinda.

Tatu, na hii huwa inasahaulika, hewa ya ukaa ya kiwandani mara nyingi haina uwiano wa isotopu (kaboni 12 nyepesi na kaboni 13 nzito) ulio sawa na wa angani. Leza inahesabu molekuli za kaboni 12 tu. Kaboni 13 ikipungua au ikizidi kwenye mtungi, jumla yako inahama na huoni chochote kwenye skrini.

Mfano wa hesabu ili tusibaki hewani. Mtungi wa chini umeandikwa 405.12, kifaa kinasoma 404.80. Mtungi wa juu umeandikwa 445.30, kinasoma 444.90. Mteremko ni 40.18 gawanya kwa 40.10, yaani 1.0020. Hewa ya nje imesomeka 423.50. Chukua 405.12, jumlisha 18.70 mara 1.0020, unapata 423.86. Bila mitungi ungekuwa umekosea 0.36 ppm, zaidi ya mara tatu ya kosa linaloruhusiwa, na kifaa chenyewe kinaonekana kizima kabisa.

Kwa uchache weka mitungi mitatu ya kurekebishia, na wa nne usioingia kwenye hesabu. Huo wa nne ndio shahidi: unaujua ni ngapi, unaupima kama hewa ya kawaida, na siku ukisoma tofauti na ulivyoandikwa ujue kuna kitu kimeharibika.

#5 KusiNaKaskazi

Niongeze kuhusu mahali pa kuweka kituo, maana hapo ndipo wengi wanajikwaa hata wakiwa na mitungi mizuri.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili bila vifaa. Kaskazi ikivuma inaleta hewa ya upande wa juu wa dunia, kusi inaleta ya upande wa chini. Mahé, Shelisheli, NOAA wanachukua sampuli za chupa tangu 1980, na pepo hizo mbili zinaonekana wazi kwenye gesi. Methani ya kaskazini mwa dunia inaizidi ya kusini kwa zaidi ya 100 ppb, kwa hiyo upepo ukigeuka namba inageuka, bila hata ng'ombe mmoja kuongezeka. Anayechora mstari wa miezi sita pwani ya Tanzania na kutangaza kwamba methani imepanda, mara nyingi amepima kaskazi tu.

Sasa Mlima Kenya. Kituo kiko mita 3678, kilianzishwa 1999, kinaendeshwa na idara ya hali ya hewa ya Kenya. Mchana jua linapasha mteremko, hewa ya chini inapanda na moshi wa mkaa, mashamba na msitu. Usiku mteremko unapoa, hewa inashuka kutoka juu, na hapo unapata hewa safi iliyosafiri mbali. Kwa hiyo mlimani data ya kuwakilisha eneo kubwa ni ya usiku wa manane mpaka alfajiri.

Tambarare ni kinyume chake kabisa. Usiku hewa ya chini inalala kama blanketi, udongo na mimea inapumua ndani yake, na hewa ya ukaa inaweza kuruka makumi ya ppm. Ukiwa na mnara Dodoma au Morogoro unatumia alasiri, pale hewa imechanganyika vizuri. Minara yako ya simu, mkuu Ngalawa, ingehitaji kanuni hiyo hata kama sensa zingekuwa za dhahabu.

#6 SaaNaDakika

Hapo kwenye usiku na mchana kuna mtego wa kwetu. Data ya kimataifa inaandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele, na sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri. Kwa hiyo saa sita mchana ni 12:00 ya simu na 09:00 ya faili. Mlinzi wa zamu akiandika kwenye daftari "saa 8" bila kusema ni ya mchana au usiku, wala ni ya Kiswahili au ya kompyuta, kipimo hicho kinaweza kuwa kimoja kati ya vinne. Kosa la saa sita mlimani linageuza hewa ya bondeni kuwa hewa safi.

Dawa yake ni rahisi. Saa ya kompyuta ya kituo iwekwe UTC na isiguswe, ijirekebishe kwa GPS. Daftari liwe na safu moja tu ya saa, iliyochapwa UTC juu. Tarehe ianze na mwaka.

#7 FundiMirija

Mimi nije kwenye mabomba. Namba nyingi mbovu zinatoka kwenye mrija, kifaa hakina hatia.

Chukua mrija wa mita 30 wenye upana wa ndani wa milimita 9.5. Ujazo wake ni karibu lita 2.1. Kichanganuzi cha leza kinavuta kama robo lita kwa dakika. Ukikiacha kivute peke yake, hewa inakaa njiani dakika nane na nusu. Weka pampu ya pembeni inayovuta lita 10 kwa dakika, hewa inafika kwa sekunde 13, halafu kifaa kinachota kidogo kutoka kwenye mkondo huo. Mrija uwe ule wenye utando wa alumini ndani ya plastiki, au chuma cha pua. Mpira wa silikoni usiutumie hata kipande cha kuungia, hewa ya ukaa inapenya ukutani mwake.

Juu kabisa weka faneli iliyogeuzwa na wavu wa chuma. Bila wavu, nyigu watajenga ndani.

Tatizo kubwa la pwani ni AC. Nje mvuke wa hewa unageuka matone ukipoa mpaka nyuzi 24 au 25, chumbani umeweka 20. Mrija ukiingia ukutani, maji yanatonea ndani yake. Hewa ya ukaa inaingia na kutoka kwenye maji hayo, na siku tone likifika kwenye vioo vya kifaa umeharibu mashine. Usipoze chumba kupita kiasi: 27 au 28 inatosha ilimradi joto halipandi na kushuka. Funika mrija kwa sponji kuanzia ukutani hadi kwenye kifaa, uwekee na waya wa kupasha kama uwezo upo, na sehemu ya chini kabisa ya mrija iwe nje ya nyumba, siyo ndani.

Kupima uvujaji: pumzi ya mtu ina hewa ya ukaa kama 4%, yaani 40,000 ppm. Pumulia kila kiungo taratibu, subiri muda wa hewa kufika, angalia skrini. Ikipiga mshale juu, umepata panapovuja. Kisha kafanye hivyohivyo kwenye pampu, kwa sababu kiwambo cha mpira kikichanika kinavuta hewa ya chumbani, na chumbani kuna watu.

#8 Mwanafunzi_Mbezi

Na unyevu wenyewe? Mtu mmoja ameniambia kichanganuzi cha leza kinapima mvuke na kuurekebisha chenyewe, kwa hiyo kukausha hewa ni gharama ya bure.

#9 FundiMirija

Nusu ni kweli. Kipimo cha kimataifa ni idadi ya molekuli kwenye hewa kavu. Hewa ya pwani ikiwa na mvuke 3%, hewa ya 423.7 ppm itasomeka 411.0. Gawanya kwa 0.97 unarudi palepale. Huo ndio mchujuko wa kawaida, lakini mvuke pia unatanua mistari ya leza, kwa hiyo hesabu halisi ina vipengele zaidi ya hicho kimoja.

#10 MtungiMkavu

Hapo sikubaliani sana na anayesema kukausha ni bure. Hesabu ya kiwandani inafanya kazi vizuri mvuke ukiwa mdogo. Ukifika 3% ya Mombasa au Dar, kosa dogo kwenye kipengele cha pili linakula 0.1 yako yote. Ama ukaushe, ama uipime hesabu ya mashine yako mwenyewe: pitisha hewa kavu ya mtungi, dondoshea tone la maji kwenye mkondo, acha likauke polepole kutoka 3% hadi sifuri, uone kama hewa ya ukaa iliyorekebishwa inabaki mstari mnyoofu. Rudia kila mwaka.

Mrija wa Nafioni (plastiki inayopitisha mvuke nje) unatosha kuishusha chini ya 0.2%. Lakini mitungi nayo ipite kwenye Nafioni hiyohiyo, maana Nafioni nayo inapitisha hewa ya ukaa kidogo ukutani. Ukikausha hewa ya nje na kuiacha mitungi inapita njia ya mkato, umelinganisha vitu viwili visivyofanana.

#11 JichoLaJuu

Naona mnahangaika na nyigu wakati satelaiti zipo. GOSAT ya Japani ilirushwa Januari 2009, OCO-2 ya Marekani Julai 2014, na TROPOMI inapima methani tangu ilipokwenda juu Oktoba 2017. Dunia nzima inapigwa picha. Kituo cha mlimani kina faida gani tena?

#12 KusiNaKaskazi

Kaka, satelaiti haipimi hewa unayovuta. Inapima mwanga wa jua ulioakisiwa ardhini, inakisia wastani wa nguzo nzima ya hewa kutoka chini mpaka juu. Jiji likiongeza 10 ppm chini, kwenye nguzo nzima inabaki sehemu ya ppm. Halafu mawingu. Bonde la Kongo, ambalo ndilo tungetaka kulijua zaidi, ndilo lenye mawingu mengi. Usiku satelaiti hizo hazioni kitu.

Na satelaiti nayo inarekebishwa kwa nini? Kwa vituo vya ardhini vya TCCON vinavyosoma jua moja kwa moja, kimojawapo kipo kisiwa cha Réunion. Na vituo hivyo vinarekebishwa kwa ndege na maputo yaliyobeba vifaa vilivyolinganishwa na mitungi ya Boulder. Ukifuata kamba mpaka mwisho unakuta mtungi uleule.

Siyo kwamba satelaiti hazina kazi. Bomba la gesi linalovuja methani jangwani, TROPOMI italiona kabla ya mtu yeyote. Ila kwa hesabu ya msitu wa Kongo huwezi kukwepa mnara, na upo: Yangambi kuna mnara wa mita 55 unaopima hewa ya ukaa inavyoingia na kutoka msituni. Rwanda nako kituo cha Mugogo, mita 2590, kimeungana na AGAGE, mtandao wa kimataifa wa kupima gesi za angahewa.

#13 SaaNaDakika

Mfano wa faida ya mtandao wa ardhini ni CFC-11, gesi ya viwandani inayoharibu tabaka la ozoni. Gesi hiyo ilipigwa marufuku chini ya Mkataba wa Montreal, uzalishaji ulitakiwa kuwa sifuri kufikia 2010. Mwaka 2018 wataalamu wa NOAA wakatangaza kwamba inapungua angani polepole kuliko inavyopaswa, dalili kuwa kuna mtu anatengeneza tangu 2012 hivi. Mwaka uliofuata vituo vya Gosan, Korea Kusini, na Hateruma, Japani, vikaonyesha sehemu kubwa inatoka mashariki mwa China. Baada ya hapo ikashuka. Hakuna nchi iliyokuwa imeiandika kwenye ripoti yake. Hewa ndiyo iliyosema.

#14 NgalawaYaNamba

Nimeelewa sasa. Basi nibadilishe swali. Bajeti haitoshi kununua kichanganuzi. Njia ya chupa ikoje, na inaharibikaje?

#15 MtungiMkavu

Chupa ni njia ya watu wenye subira, na ndiyo iliyobeba nusu ya historia ya vipimo hivi. Jozi ya chupa za kioo za lita 2.5, valvu mbili kila moja, zinaunganishwa moja nyuma ya nyingine kwenye sanduku lenye pampu, betri na mlingoti. Mara moja kwa wiki:

Subiri upepo kutoka baharini au upande usio na watu. Simama chini ya upepo, gari lizimwe na liwe mbali. Inua mlingoti, fungua valvu zote, washa pampu. Kwa pampu ya lita 5 kwa dakika, dakika 10 zinabadilisha hewa ya chupa zote mbili mara kumi. Kisha funga valvu ya kutokea, acha shinikizo lipande juu kidogo ya la hewa ya nje, funga zilizobaki. Usipumulie mdomo wa mlingoti. Andika saa ya UTC, upepo, na chochote ulichokiona, hata moshi wa jirani anayechoma takataka.

Maabara inapima zote mbili. Zikipishana zaidi ya 0.5 ppm, jozi inakataliwa. Ndiyo sababu ni jozi na siyo moja. Kwenye mafaili ya NOAA utaona alama tatu kando ya kila kipimo: nafasi ya kwanza ikiwa na kitu chochote zaidi ya nukta, kipimo kimekataliwa, ya pili inasema ni kizuri lakini hakiwakilishi hewa safi, ya tatu ni maelezo tu. Wanafunzi wengi wanapakua faili, wanachora grafu na zilizokataliwa humohumo.

Kinachoharibika kwetu ni unyevu. Chupa iliyojazwa hewa ya joto ikifika chumba baridi inatoa umande ndani, na oksijeni ya hewa ya ukaa inabadilishana na ya maji, kwa hiyo kipimo cha oksijeni 18 (isotopu nzito ya oksijeni) kinakufa kabisa. Kausha kabla ya kujaza, na usiziache chupa miezi kadhaa forodhani.

#16 FundiMirija

Kwa watakaopata mitungi: kwenye karatasi za usafirishaji iandikwe hewa iliyoshindiliwa, UN 1002, daraja la 2.2. Ukiandika "gesi ya sampuli" utaupata mwakani.

Na umeme. Kifaa cha leza kinashika chumba chake cha vioo kwenye nyuzi 45. Umeme ukikatika kikapoa, kikiwashwa tena data ya mwanzo itupwe mpaka joto na shinikizo vitulie. UPS ni ya dakika za kuzima kwa adabu, siyo ya kuvuka usiku. Hata wakubwa yanawapata: Mauna Loa, kunakopimwa tangu Machi 1958, lava ya Novemba 2022 ilikata barabara na umeme, ikabidi vipimo vihamie Maunakea kwa muda. Mlimani ongeza na radi: waya wa ardhini mzuri, na data ipite kwenye faiba badala ya shaba.

#17 Mwanafunzi_Mbezi

Swali la mwisho wakuu. Mtungi unaisha lini, na regyuleta (kipunguza shinikizo kinachofungwa kwenye mtungi) niiache hapohapo au niitoe kila nikimaliza?

#18 MtungiMkavu

Mtungi wa lita 29.5 ukijazwa kwa shinikizo la bar 138 una karibu lita 4,000 za hewa. Usishuke chini ya bar 20, kwa sababu hewa ya ukaa iliyoshika ukutani inaanza kuachia na namba inapanda. Zinabaki kama lita 3,480 za kutumia. Ukitumia lita 6 kila wiki una miaka kumi na moja. Mtungi shahidi ukiupima kila siku kwa lita 5, hata miaka miwili haufiki, kwa hiyo upime mara chache au ununue miwili.

Regyuleta usiitoe. Ukiitoa unaingiza hewa ya chumbani na unyevu. Ukiifunga mara ya kwanza: fungua valvu ya mtungi, funga, mwaga hewa, rudia mara tatu au zaidi. Kisha jaza shinikizo, funga valvu ya mtungi, andika geji ya juu inasoma ngapi, nenda kalale. Asubuhi ikiwa imeshuka, kaza kiungo kwa spana ya saizi yake na urudie usiku mwingine. Kabla ya kila kipimo tupa dakika chache za mwanzo, maana hewa iliyolala ndani ya regyuleta siyo tena ile ya kwenye cheti. Mtungi ulaze chini kama nafasi ipo, mbali na AC na dirisha.